Siku 127 za Zanzibar: Kukitafuta Kiti cha Kombe la Mataifa ya Afrika

Shirikisho la Soka la Afrika, CAF, lina wanachama 54. Mwaka 2017, kwa miezi minne, lilikuwa na 55. Huyo wa 55 alikuwa Zanzibar. Alipokewa Addis Ababa tarehe 16 Machi, akaondolewa Rabat tarehe 21 Julai, na baina ya tarehe hizo mbili timu yake haikucheza hata dakika moja ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Unguja nzima inaijua habari hii. Lakini kaa kwenye baraza la Jaws Corner, Mji Mkongwe, jioni, kahawa ikizunguka, uulize ilikuwaje. Utapewa majibu matatu yasiyopatana, na kila msemaji ataapa kwamba lake ndilo la kweli. Lipi kati ya hayo linasimama likiwekwa mbele ya maandishi?

Jibu la kwanza linasema Zanzibar ilikuwa na kiti chake katika soka la Afrika, kikapotea ulipokuja Muungano mwaka 1964. La pili linasema kiti hicho hakijawahi kuwapo wala hakiwezi kuwapo, kwa sababu Zanzibar si nchi mbele ya dunia. La tatu, linalopendwa zaidi na vijana, linasema tatizo ni udogo: visiwa vyenye watu wachache haviwezi kukaa meza moja na Misri na Nigeria. Nilijiwekea sharti kabla sijatoka nyumbani. Neno la barazani halitapita mpaka lisindikizwe na maandishi, na maandishi hayatapita mpaka yasindikizwe na maandishi mengine. Kwa sharti hilo, safari ianzie wapi?

Nilianzia Shangani, kwa sababu ndiko wengi wanakoanzisha hadithi. Husemwa kwamba mpira wa kwanza Unguja ulipigwa na Waingereza wa kampuni ya simu za maandishi, Eastern Telegraph, katika miaka ya 1870. Waya wa baharini kutoka Aden ulifika Unguja mwaka 1879, kwa hiyo kama simulizi hii ni kweli, ni kweli ya mwisho kabisa wa muongo ule. Wengine hutaja Kiungani, shule ya misheni ya Kianglikana, UMCA, iliyokuwa kusini ya mji. Mimi naegemea Kiungani. Mabwana wa simu walicheza wao kwa wao. Wanafunzi wa Kiungani walitoka wakawa walimu na makarani, wakatawanyika na mchezo wao visiwani na bara. Lakini mchezo wa wanafunzi uligeuka lini kuwa mchezo wa mji?

Jibu liko Mnazi Mmoja, na kiwanja chenyewe ni shahidi. Pale palikuwa sehemu ya mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Mkono ule ulifukiwa hatua kwa hatua, na upande wake wa kusini ukawa viwanja vya michezo. Simama mbele ya Beit al-Amani, ile nyumba ya makumbusho yenye kuba iliyofunguliwa mwaka 1925, uyatazame majani yale. Upande mmoja kuna mji wa mawe, upande wa pili kuna Ng'ambo, na kiwanja kiko katikati. Katika miaka ya 1920 na 1930 klabu za mitaa zilichipuka pande zote mbili, na palipokuwa na maji ya kuwatenga watu pakawa mahali pa kukutania. Waliokuwa hawaalikani majumbani walikabana hapo, dakika tisini, kwa sheria moja. Klabu zilikuwa nyingi. Je, timu moja ya visiwa vyote ilizaliwa lini?

Hapa maandishi yanaanza kupatikana kwa wingi, kwa sababu palikuwa na kombe. Kombe la Gossage lilitolewa na kampuni ya sabuni ya Uingereza, na Kenya na Uganda zikaanza kulishindania mwaka 1926. Tanganyika iliingia mwaka 1945, Zanzibar ikafuata mwaka 1949. Zanzibar haikulitwaa hata mara moja, na wazee wa mpira hawalifichi hilo. Kwangu mwaka wenyewe ulikuwa na uzito kuliko mabao. Tangu 1949 kuna timu iliyosafiri ikiitwa Zanzibar, ikapangiwa mechi kama Zanzibar na kuandikiwa matokeo kama Zanzibar, ugenini na nyumbani. CAF ilikuwa bado miaka minane kuundwa. Kama timu ililitangulia shirikisho, mbona jina lake halimo katika orodha ya mwanzo?

Orodha hiyo ni fupi. Khartoum, Februari 1957: Misri, Sudan, Ethiopia na Afrika Kusini. Afrika Kusini haikucheza, kwa sababu ya siasa yake ya ubaguzi wa rangi, na timu tatu zilizobaki zikashindania Kombe la Mataifa la kwanza. Misri iliifunga Ethiopia 4-0 katika fainali. Zanzibar wakati huo ilikuwa himaya ya Uingereza: Sultani yuko kwenye kiti, uamuzi uko kwa Mwingereza. Maelezo yakaonekana mepesi. Nchi huru zilijijengea nyumba, makoloni yakabaki nje yakingoja uhuru. Ni maelezo safi, tena yanapendwa, kwa sababu hayamgusi mtu yeyote aliye hai. Lakini je, ni kweli Kombe la Mataifa lilikuwa limefungiwa wasiokuwa huru?

Halikufungwa, na ushahidi uko jirani. Januari 1962 mashindano yalifanyika Addis Ababa kwa timu nne: Ethiopia, Misri, Tunisia na Uganda. Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, karibu miezi tisa baadaye. Ilicheza Kombe la Mataifa ikiwa bado mikononi mwa Mwingereza. Ilifungwa na Misri 2-1, ikafungwa na Tunisia 3-0, ikarudi na nafasi ya nne. Na ili ifike huko iliitoa Kenya kwenye mchujo, Kenya ambayo nayo ilibaki koloni mpaka Desemba 1963. Hawa ni wapinzani walewale wa Gossage, waliokuwa wakizijua vizuri chenga za Wazanzibari. Tarehe hizi zinavunja maelezo ya ukoloni vipande vipande. Basi Uganda na Kenya zilikuwa na nini mkononi ambacho Unguja haikuwa nacho?

Zilikuwa na uanachama wa FIFA, zote mbili tangu mwaka 1960. Zanzibar haikuwa nao. Nilikwenda Nyaraka za Taifa, Kilimani, kutafuta barua ya maombi, au barua ya kukataliwa, au hata kikaratasi cha mtu kuuliza utaratibu. Nikaigeukia pia magazeti ya zama hizo, Mwongozi na Afrika Kwetu na Samachar. Barua sikuiona, na njia hiyo ikaishia ukutani. Ila kutoiona barua si ushahidi kwamba haikuandikwa, na mtafiti anayeugeuza ukimya wa jalada kuwa jibu anajidanganya mwenyewe. Ninachoweza kusimama nacho ni hiki: makoloni jirani yalipita mlangoni, Zanzibar haikupita. Ni miaka ileile ya chaguzi za 1957, 1961 na 1963, mitaa ikipasuka kwa siasa na damu ikimwagika Juni 1961. Huenda mpira nao ulibanwa humo. Uhuru ulipofika, je, mlango ulifunguka?

Nilichukua kalenda nikaziweka tarehe mstari mmoja. Kombe la Mataifa la 1963 lilichezwa Ghana, na fainali yake ilikuwa Accra tarehe 1 Desemba, wenyeji wakiifunga Sudan 3-0. Siku tisa baadaye, tarehe 10 Desemba 1963, Zanzibar ikawa nchi huru. Mapinduzi yalikuja tarehe 12 Januari 1964. Muungano ulikuja tarehe 26 Aprili. Kutoka uhuru mpaka Muungano ni siku 138. Kombe lililofuata lilichezwa Tunisia, Novemba 1965. Kwa maana hiyo, maisha yote ya Zanzibar kama dola peke yake yanaingia kati ya Kombe moja na jingine bila kuligusa lolote. Jibu la kwanza la barazani, lile la kiti kilichopotea 1964, halisimami. Hapakuwa na kiti cha kupotea. Tuseme basi kwamba Muungano haukubadili kitu?

Ulibadili, lakini si kwa namna inayosimuliwa. Baada ya 1964 kiti cha FIFA na cha CAF kilikuwa kimoja, kwa jina la Tanzania. Katika kanda yetu mambo yakaendelea kama zamani. Gossage ilipogeuka kuwa Kombe la Challenge mwaka 1967, na Challenge ilipoingia mikononi mwa CECAFA, shirikisho la soka la kanda, mwaka 1973, Zanzibar iliendelea kucheza kwa jina lake, hata dhidi ya Tanzania Bara. Sheria ya nyumbani nayo iko wazi. Fungua Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977, Nyongeza ya Kwanza, usome Mambo ya Muungano. Yako 22. Ulinzi umo, uraia umo, sarafu imo, hata posta na simu zimo. Michezo haimo. Zanzibar ina shirikisho lake la soka na ligi yake, na bingwa wake hupanda ndege kwenda kucheza mashindano ya klabu ya CAF kwa jina la Zanzibar. Kwa nini klabu ipite pale ambapo timu ya taifa haipiti?

Vijana hujibu: udogo. Hili halinichukulii muda, maana linaanguka lenyewe. Sensa ya 2022 iliwahesabu watu wa Zanzibar 1,889,773. Komoro, visiwa ambavyo watoto na wajukuu zake wamejaa Mji Mkongwe, haifikii watu milioni moja. Ilijiunga na FIFA mwaka 2005. Januari 2022, nchini Cameroon, ilicheza Kombe la Mataifa kwa mara ya kwanza, ikaifunga Ghana 3-2, ikavuka makundi, na ikatolewa na wenyeji kwa 2-1 tu huku beki wake wa pembeni akisimama golini kwa kukosa kipa. Ikiwa si idadi ya watu, je, ni kiwango cha mpira?

Kiwango kina mwaka wake, na mwaka huo ni 1995. Zanzibar ilikwenda Uganda ikarudi na Kombe la Challenge, fainali ikiisha 1-0. Ni taji lake la pekee katika mashindano hayo, na waliokuwapo Unguja wakati ule hawahitaji kukumbushwa. Lakini hata hapa pana matoleo mawili. Barazani, aliyefungwa ni Uganda, basi. Katika orodha za takwimu, aliyefungwa ni Uganda B, kikosi cha pili cha wenyeji. Nimeiandika tofauti hiyo kwa makusudi. Kombe hushindwa dhidi ya timu iliyofika fainali, na hiyo ndiyo iliyofika; taji halipungui. Ila mwenye kudai haki yake asifiche nusu ya habari, maana mpinzani wake ataifichua. Mwaka 2012, mjini Kampala, Zanzibar ilishika nafasi ya tatu kwa kuishinda Tanzania Bara kwa penalti. Timu yenye historia hiyo ilikuwa ikibisha hodi milango gani mingine?

Ilibisha hata isiyo rasmi. Mwaka 2006 ilikwenda Hamburg, Ujerumani, kwenye FIFI Wild Cup, mashindano ya timu zisizokuwa ndani ya FIFA. Ikafika fainali, ikatoka 0-0 na Cyprus ya Kaskazini, ikashindwa kwa penalti. Naiheshimu safari hiyo, maana vijana walisafiri mbali kutafuta mechi. Lakini haimsaidii anayetafuta kiti: kombe la wasio na viti si ushahidi wa kiti. Kile cha Addis Ababa kilipatikanaje miaka kumi na moja baadaye?

Kumbukumbu za siku ile ni fupi kuliko furaha iliyofuata. Tarehe 16 Machi 2017 mkutano mkuu wa CAF uliridhia Zanzibar itoke kwenye uanachama mshiriki iwe mwanachama kamili. Tarehe 21 Julai mkutano mkuu wa dharura, Rabat, ukaufuta uamuzi huo. Sababu iliyotolewa ni kwamba nchi moja haiwezi kuwa na mashirikisho mawili, na kwamba maana ya nchi hutoka kwa Umoja wa Afrika na Umoja wa Mataifa. Wapo wanaosimulia kuwa visiwa vilionewa. Wapo wanaosimulia kuwa kosa la utaratibu lilisahihishwa. Nimeyapima yote mawili, na simwoni wa kumlaumu: Machi na Julai kilichoamua ni chombo kilekile, kwa mamlaka ileile. La kuuliza ni jingine. Kanuni zenyewe zinasema nini juu ya visiwa vya aina hii?

Katiba ya FIFA huchukulia nchi kuwa dola huru inayotambuliwa na jumuiya ya kimataifa. Kisha inafungua vidirisha viwili. Cha kwanza ni cha mashirikisho manne ya Uingereza, yaani England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini, yaliyokuwapo kabla FIFA haijazaliwa mwaka 1904. Cha pili ni cha eneo ambalo bado halijapata uhuru, nalo huweza kuomba kwa ridhaa ya shirikisho la nchi linayoitegemea. Nilisimama sana hapa. Zanzibar si mmoja wa wale wanne. Wala si eneo linalongoja uhuru: uhuru iliupata tarehe 10 Desemba 1963, na iliingia Muungano ikiwa dola, kwa hati iliyotiwa saini na marais wawili. Dola iliyoungana na dola nyingine, ikabaki na serikali yake, bendera yake na ligi yake, haina pa kujaza kwenye fomu ile. Kwa miaka yote hii tumekuwa tukibishana juu ya nia za watu. Je, hatukuwa tumeruka hatua ya kuisoma fomu?

Kwa hiyo jibu la pili la barazani ni nusu kweli. Kwa kanuni zilivyo leo, Zanzibar haiingii. Lakini neno "haijawahi" si kweli, kwa sababu kuna siku 127 za Machi mpaka Julai 2017. Nikaichukua tena kalenda. Makundi ya kufuzu kwa Kombe la Mataifa la 2019 yalikuwa yamepangwa Libreville tarehe 12 Januari 2017, miezi miwili kabla ya Zanzibar kupokewa. Mechi za kwanza zikaanza Juni, na Tanzania ikiwa kundi moja na Uganda, Cape Verde na Lesotho. Zanzibar ilikuwa mwanachama kamili, na mechi ya kucheza haikuwapo. Tarehe 20 Julai kamati ya utendaji ya CAF iliridhia Kombe hilo lipanuliwe kutoka timu 16 hadi 24. Tarehe 21, Zanzibar ikatoka. Siku 138 za 1963 na 1964, siku 127 za 2017: mara zote mbili nafasi ilifunguka na kufungwa bila droo hata moja kupita ndani yake. Sidai kwamba kuna mkono wa mtu humo. Tarehe ziliangukia hivyo. Na wachezaji wenyewe, walijibu nini?

Walijibu Desemba ileile, Kenya, kwenye Kombe la Challenge. Timu iliyoambiwa miezi mitano nyuma kwamba si ya nchi iliifunga Rwanda 3-1. Ikaifunga Tanzania Bara 2-1. Ikatoka 0-0 na wenyeji Kenya. Ikafungwa na Libya 1-0, lakini tayari ilikuwa imepita. Katika nusu fainali, Kisumu, ikamtoa bingwa mtetezi, Uganda, kwa 2-1. Fainali ilikuwa Machakos tarehe 17 Desemba. Kenya ikatangulia mapema. Zanzibar ikasawazisha dakika za mwisho. Muda wa nyongeza, Kenya ikaongoza tena, na muda si muda Zanzibar ikasawazisha tena. Penalti zikaamua: Kenya 3, Zanzibar 2. Unguja iliwapokea vijana wale kama mabingwa, na ilikuwa sawa. Sijaona hoja ya maneno iliyofikia nguvu ya wiki mbili zile. Lakini je, hoja ya uwanjani inaweza kujibu swali la kanuni?

Haiwezi, na upande wa pili una hoja yake ya haki. Wanasema Mzanzibari hajafungiwa Kombe la Mataifa, kwa sababu Taifa Stars, timu ya taifa ya Tanzania, ni yake pia. Maandishi yanawaunga mkono. Mzanzibari amewahi kuwa nahodha wa Taifa Stars na wa timu ya Zanzibar, Zanzibar Heroes, kwa nyakati zilezile. Januari 2024, Taifa Stars ilipokuwa Ivory Coast, aliyechukua benchi katikati ya mashindano ni kocha yuleyule aliyeifikisha Zanzibar fainali ya Machakos. Chini yake ilitoka 1-1 na Zambia, kisha 0-0 na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Siwezi kuipita hoja hiyo kama haipo. Kijana wa Ng'ambo anaweza kufika Kombe la Mataifa, na wengine wamefika. Swali linabaki la timu, yenye umri mkubwa kuliko shirikisho la bara zima: yenyewe ifike kwa njia gani?

Jibu la Agosti 2025 lilikuwa la ajabu kidogo kwa anayeifuata njia hii. Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa CHAN, ubingwa wa Afrika wa timu za taifa kwa wachezaji wa ligi za nyumbani, na kundi moja likaletwa Unguja, Uwanja wa Amaan. Uwanja huo ulijengwa kwa msaada wa China, ukafunguliwa mwaka 1970, ukafanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa upya Desemba 2023. Tarehe 5 Agosti Senegal iliifunga Nigeria 1-0 hapo. Tarehe 12 Sudan iliicharaza Nigeria 4-0. Tarehe 23, katika robo fainali, Sudan na Algeria zilitoka 1-1 na Sudan ikapita kwa penalti. Sudan ile, mwanzilishi wa 1957, nchi yake ikiwa vitani, ilifanya uwanja wa Unguja kuwa kwao, na watu wa Unguja wakaishangilia kwa moyo. Nyasi zilikidhi, taa zilikidhi, waandalizi walikidhi. Sasa Kombe la Mataifa lenyewe linakuja Afrika Mashariki mwaka 2027, kwa nchi zilezile tatu. Zanzibar ielekee huko ikiwa na nini mkononi?

Hukumu yangu, baada ya njia yote hii, ni kwamba udogo si sababu, 1964 si sababu, na uonevu haukuthibitika. Sababu ni kanuni isiyo na nafasi ya dola iliyoungana. Kanuni ya shirikisho hubadilishwa na mkutano mkuu, kwa hoja na kwa hati, tena huanza kwa maelewano ya nyumbani baina ya mashirikisho mawili ya soka, la Bara na la Visiwani. Hoja nzito kuliko zote ambayo Zanzibar inayo ni umri wa timu yake: ilikuwa uwanjani mwaka 1949. Hoja hiyo haitasimama kwa masimulizi ya kahawani. Itasimama kwa ratiba, picha za vikosi, vipande vya magazeti, tiketi, barua za safari za Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, na hizo ziko ndani ya masanduku ya familia kuanzia Kikwajuni mpaka Wete. Ukiwa nazo, usizitupe wala usizifungie. Andika nyuma ya kila picha majina na mwaka, tengeneza nakala, kisha uipeleke nakala hiyo Nyaraka za Taifa, Kilimani, wakati waliocheza mechi zile au waliowaona wakicheza wangali hai wa kutusomea sura.